Haiponyi, Inapoza

Nilizaliwa Masasi, upande wa Lisekese, katika nyumba ya wafanyabiashara. Baba alikuwa Myao aliyenunua nta na mpira wa porini kwa wakulima na kuvipeleka Lindi kwa wapagazi, akirudi na nguo za kuuza. Mama alikuwa Mmakonde wa Newala, na bibi mzaa mama aliishi mpaka akafa bila kutamka neno la Kiswahili. Nilipokuwa msichana nilipelekwa Lindi kwa shangazi nikasome Kurani, nikarudi na Kiswahili cha pwani. Kwa hiyo nilikuwa na lugha tatu mdomoni, na zote nilizijua sawasawa. Sisemi kwa kujisifu. Lugha hizo ndizo zilizonipeleka kwenye nyumba ya dawa, na haya ninayoyasimulia yalitokea huko.

Vita vya maji vilikuwa vimepita. Milio ya bunduki ilikoma, lakini askari wa Mjerumani waliobaki waliendelea kuchoma mashamba na maghala, wakisema wanazima mabaki. Njaa ikaja. Masasi nzima tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa kwa tabu na kupikwa kwa muda mrefu, na ilipokwisha karibu na nyumba tukaifuata mbali. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alipata riziki kwa kushona viraka vya sare za askari, wale wale waliochoma, na hakuwa akizungumza wakati akizishona.

Siku moja askari alisimama mlangoni akamwambia, "Bwana Daktari anamtaka mke wako."

Mume wangu hakuinua macho. "Mke wangu hatakwi. Mwambie aje aseme shida yake."

Nilidhani tutapigwa. Lakini jioni yake daktari alikuja mwenyewe, Mjerumani mwembamba mwenye ndevu za rangi ya mtama, kofia mkononi. Alikuwa amefungua nyumba ya dawa karibu na boma, nyumba ya udongo yenye baraza pana. Kiswahili chake alijifunza kaskazini huko pwani, na alikisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Wanawake wanakuja," alisema, "lakini hawasemi na mimi. Mkalimani wangu ni askari. Wakimwona wanatazama ukuta."

Mume wangu akanigeukia. "Anayeitwa ni wewe. Jibu mwenyewe."

"Nitakuja," nikamwambia daktari. "Lakini nitasema kilichosemwa, kama kilivyosemwa. Maneno yako kwao, na maneno yao kwako. Usiniambie nikipunguze."

"Ndivyo ninavyotaka," alisema. Baadaye nilikuja kuona kwamba alimaanisha.

Asubuhi ya kwanza barazani walikaa wanawake wengi, wa Kiyao, wa Kimakua na wa Kimakonde. Mmoja alikuwa amevunjika mkono na ulikuwa umeunga vibaya. Daktari alitaka kuunyoosha upya. Akaonyesha chupa ndogo ya rangi ya kahawia, akaniambia, "Waeleze kwamba kwanza nitampa dawa ya kutuliza."

Nikaeleza. Kwa Kiyao, kwa Kimakonde, na kwa Kiswahili kwa waliokijua. Neno la Kiswahili nikaliacha lilivyo, dawa ya kutuliza. Yule mwenye mkono uliovunjika akasimama, akafunga kanga yake vizuri kifuani na kuondoka. Wa pili akamfuata. Punde baraza likabaki na mama mmoja tu, naye alikuwa kiziwi.

Daktari alinitazama. "Umesema nini?"

"Nimesema ulichosema. Umesema kutuliza. Wakuu wa askari walipokuwa wakipita vijijini, mbiu ilikuwa ni hiyo: tumekuja kuituliza nchi. Walipomaliza kuituliza Lisekese, hapakuwa na ghala lililosimama. Huyu mama ameona wewe unataka kumtuliza yeye."

Aliketi, chupa mkononi. "Basi tafuta neno lingine," alisema.

Haikuwa kazi rahisi kama alivyodhani. Dawa yenyewe kwa asili ilikuwa afyuni, alinieleza nilipomuuliza. Afyuni niliijua. Pwani tuliiita kasumba, na jirani ya shangazi yangu kule Lindi aliitumia mpaka akauza milango ya nyumba yake, akabaki kutundika mkeka mlangoni. Nikamwambia daktari neno hilo halifai, maana lina aibu ndani yake. Dawa ya usingizi? Wagonjwa wangeogopa kulala mbele ya Mzungu na kuamka wamefungwa. Hata neno dawa peke yake lilikuwa limeharibika. Miezi michache iliyotangulia watu walipewa maji wakaambiwa ni dawa ya kuzuia risasi, wakaenda vitani, na waliokunywa walizikwa kwa wingi mpaka makaburi yakachimbwa na wanawake.

Ndipo akaletwa mwanamke mmoja wa Makote.

Aliletwa kwa machela kutoka Newala, huko juu mlimani, na mama mkwe wake akitembea ubavuni kwake njia yote. Alikuwa kijana, pengine umri wangu. Askari walipochoma ghala lao la mtama, aliingiza mkono motoni kuvuta alichoweza kukivuta. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua kutoka vidoleni hadi kiwiko, nao ulishaanza kunuka. Mume wake alikuwa mpagazi wa njia ya Lindi, ndiyo maana mwanamke mwenyewe alijua Kiswahili, kile cha safarini, kilichochanganyika na Kimakonde. Huyo mume aliuawa katika vita.

Daktari aliutazama mkono bila kuugusa. "Lazima nikate nyama iliyokufa," aliniambia. "Leo, kesho, na siku nyingine tena. Bila dawa hii hatavumilia. Akitikisika nitamkata pabaya, na mkono utapotea wote. Labda na yeye."

Akadondosha matone ndani ya kikombe cha maji. Mwanamke aliona. Akajiinua kwa mkono wake mzima, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Hayo ni maji," alisema.

"Ni maji yenye dawa," nikamjibu.

"Najua. Mume wangu alipewa maji yenye dawa. Aliyanywa mbele yangu, mengine akanyunyiziwa kichwani. Akaniambia mke wangu, risasi ya Mjerumani haitaingia hapa. Akajipiga kifua, hivi. Iliingia pale pale." Alinitazama, wala hakulia. "Dada, mimi siyanywi."

Nikamfasiria daktari kila neno, pamoja na lile la kifua. Alikiweka kikombe chini.

"Simlazimishi," alisema.

"Usimlazimishe. Ila nieleze mimi, sawasawa, dawa hii inafanya nini. Usinieleze kama mgonjwa. Nieleze kama mtu atakayeulizwa."

Akanieleza. Haiondoi jeraha. Haiui usaha. Haiotishi nyama mpya. Inayapunguza maumivu kwa muda, mwili unalegea, pengine mtu anasinzia. Baadaye maumivu yanarudi.

"Yanarudi yote?"

"Yote."

Nilitoka nje barazani kufikiri. Mama mkwe alikuwa ameketi hapo na bakuli la uji wa muhogo tulilompa. Mkwewe hakuweza kushika bakuli, kwa hiyo yeye alichota kidogo kidogo kwa kipande cha kibuyu, akapuliza, akaonja kwa mdomo, akapuliza tena. Nilimwamkia kwa Kimakonde nikamuuliza mbona hampi tu.

"Uji huu unaunguza, mwanangu," alisema. "Nampozea kwanza. Ameungua vya kutosha."

Neno alilolitumia lilikuwa la Kimakonde, na kwa Kiswahili ndilo kupoza. Nilikuwa nalijua tangu nizaliwe na sikuwa nimelitazama hata mara moja. Uji uliopoa ni ule ule uji. Hakuna aliyekudanganya. Hakuna aliyekuahidi kitu ila kwamba sasa utaweza kuumeza.

Nikarudi ndani, nikachuchumaa mbele ya yule mwanamke.

"Nisikilize," nikamwambia. "Sitakudanganya. Dawa hii haizuii risasi. Haizuii kifo. Mkono wako haiuponyi hata kidogo."

Akakunja uso. "Haiponyi?"

"Haiponyi. Inapoza. Kama mama yako anavyokupozea uji hapo nje. Atakayekuponya, kama utapona, ni kisu cha huyu bwana na mwili wako mwenyewe. Hii inapoza tu, ili uweze kuvumilia kisu. Kisha joto litarudi, na utaumwa, na utanilaani."

Daktari hakuingilia, na namshukuru kwa hilo, maana mtu mwingine angeingiza neno.

"Hakuna mtu aliyewahi kunipa dawa akaniambia haiponyi," alisema yule mwanamke. Akafikiri. "Mwite mama."

Mama mkwe akaingia. Nikayarudia yote kwa Kimakonde. Akachukua kikombe, akachovya ncha ya ulimi, akakunja uso kwa uchungu wake, akasema, "Uchungu kama wa mwarobaini. Kitu cha kukudanganya wangekitia asali." Akamshikia mkwewe kikombe mdomoni, naye akanywa.

Daktari alikata siku hiyo na siku zilizofuata. Nilimshika mgonjwa kichwa. Macho yake yalikuwa nusu wazi, na mara moja aliita jina la mume wake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mwenzake aje kula. Na maumivu yalirudi kama nilivyosema, naye alinilaani kama nilivyosema, kwa Kimakonde, matusi mengine hata bibi yangu sikuwahi kumsikia akiyatumia. Ila kidonda kikaanza kuwa na wekundu wa afya, na ile harufu ikaondoka.

Habari zilitembea. Wanawake walirudi barazani, hata yule mwenye mkono uliovunjika, naye hakuomba kitu kingine, alisema tu, "Nipe ile ya kupoza." Neno likakaa. Siku si nyingi wakalifupisha wakasema kipoza, na daktari mwenyewe akaanza kuliandika hivyo juu ya chupa, chini ya maandishi yake ya Kijerumani. Nililiona neno langu limebandikwa hapo kwa wino mweusi, nikatembea nyumbani kichwa juu. Mume wangu akaniuliza kama nimeokota kitu njiani.

Lakini mara likaanza kunizidi. Wakaja wasio na jeraha. Mama mmoja alikuja kuomba kipoza kwa sababu amezika watoto na nyumba ina kimya kingi. Mwingine alisema akifumba macho anaona moto. Daktari aliwapa chai na nafasi ya kukaa barazani, na kwa wachache sana, matone kidogo. Wengine wote aliwakatalia, na aliyetamka lile katazo ni mimi.

Mwanamke wa Makote naye akaomba. Kidonda kilikuwa kimefunga, vidole vimejikunja kidogo lakini vinashika.

"Nipatie kipoza."

"Mkono umepona."

"Siombei mkono."

Nikamweleza habari ya jirani ya shangazi, jinsi alivyoanza kwa jino linalouma, na jinsi mke wake alivyolala nyumba isiyo na mlango. Nikamwambia, "Kitu hiki kinakopesha. Ukikichukua kila siku, kinakuja kukaa kwako kama bwana." Alinigeuzia mgongo, na kwa siku kadhaa akawa anaongea na kila mtu pale barazani isipokuwa mimi. Nikamlalamikia mama mkwe wake.

"Mwache anune," yule mama alisema. "Alipoletwa hapa hakuwa na nguvu ya kununa."

Wakati huo ndipo mkuu wa boma aliposikia habari za kipoza.

Kulikuwa na mzee mmoja Myao amefungwa bomani. Alikamatwa kwa kosa la kuwagawia watu yale maji, na hukumu yake ilikuwa kunyongwa mbele ya watu wote. Tangu afungwe alikuwa akisema kwa sauti kubwa, na watu walikuwa wakipita karibu na ukuta ili wamsikie. Mkuu wa boma hakutaka maneno siku ya kunyonga. Alikuja nyumba ya dawa mchana, viatu vikigonga, akazungumza na daktari kwa Kijerumani. Daktari alikuwa mwekundu masikioni. Kisha akachukua chupa na kikombe, akaniambia nifuate.

Tuliingia bomani. Mzee alikuwa ameketi sakafuni, mnyororo shingoni, mwembamba, ndevu nyeupe. Nilimwamkia kwa heshima ya Kiyao, kwa kupiga magoti na makofi ya taratibu, na mkuu wa boma akaguna. Mzee akaitikia, akauliza mimi ni wa nyumba gani. Nikamtajia baba.

"Nilinunua nguo kwake," alisema. "Alipima kwa haki. Umekuja na nini, binti yangu?"

Nikamgeukia daktari. "Nimwambieje?"

Mkuu wa boma aliwahi yeye, kwa Kiswahili. "Mwambie ni dawa ya nguvu. Ya mwili."

Nilimtazama daktari tu. Yeye ndiye niliyewekeana naye ahadi. Alikuwa akiangalia kikombe. "Mwambie ni nini," alisema kwa sauti ndogo.

Basi nikamwambia mzee, kwa Kiyao, maneno yote. "Baba, hii ni dawa inayopoza. Mtu anayeumwa akinywa, hasikii maumivu kwa muda. Wanataka unywe leo na kesho tena ili unyamaze mbele ya watu."

Mzee alicheka, kicheko kikavu kisicho na chuki. "Mimi siumwi," alisema. "Na mwambie hivi. Yale maji niliyowapa watu, nilikunywa mimi kwanza. Niliyaamini. Watu wamekufa, nami nitawafuata, na hilo ni haki yao juu yangu. Lakini nilikunywa kwanza. Mwulize mkuu huyu, atakunywa kwanza?"

Nikafasiri. Sikupunguza wala kuongeza, na sauti yangu haikutetemeka, jambo ninalolikumbuka kwa furaha mpaka leo. Mkuu wa boma alipiga hatua kuja kwangu. Daktari akasimama kati yetu, akafunga chupa kwa kizibo, akaitia mfukoni. Alisema kwa Kijerumani, kisha, nadhani kwa ajili yangu na ya mzee, akarudia kwa Kiswahili: "Dawa hii ni ya wagonjwa. Mtu huyu haumwi."

Mzee alinyongwa kesho yake. Mimi sikwenda. Mume wangu alikwenda kwa kuwa wanaume wote waliamriwa kwenda. Aliporudi alikaa kwenye cherehani bila kuikanyaga. Nilimuuliza mzee alisema nini.

"Aliwaomba msamaha waliofiwa," alisema. "Kisha akasema mvua ziko karibu, watu waache kukimbilia porini, warudi wakapande. Basi."

"Ndicho walichotaka kukizima?"

"Ndicho."

Mimi nilipigwa marufuku kukanyaga bomani, na nilikuwa sina haja nako. Daktari naye alihamishwa mvua zilipoanza. Wengine walisema aliadhibiwa, wengine walisema zamu yake ilikuwa imekwisha. Alikuja kuaga nyumbani, mume wangu akampa shati alilomshonea. Daktari aliyekuja badala yake alikuwa mtu wa haraka, akaleta mkalimani wake mwanamume, lakini wanawake waliendelea kuomba kipoza kwa jina hilo hilo, naye ikambidi alijifunze.

Mwanamke wa Makote na mama mkwe wake walikuwa wamepanda zao juu, kwa miguu safari hii, na mbegu za kunde nilizowapa. Mwaka uliofuata, muhogo ulipokuwa umeshika, nilikwenda Newala kuwatazama ndugu wa mama, nikapitia Makote. Nilimkuta shambani. Jembe alilishika kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akiutumia kuelekeza. Alikuwa amenenepa kidogo. Tukasalimiana kama watu ambao hawajawahi kununiana.

"Usingizi?" nikamuuliza.

"Unakuja," alisema. "Siku nyingine hauji, basi naamka nasikiliza mama akikoroma. Anakoroma kama nguruwe pori."

"Nimekusikia!" mama mkwe akaita kutoka nyuma ya nyumba, na sote watatu tukacheka.

Maji yalikuwa yamekwisha ndani. Huko juu hakuna kisima wala kijito; mtu anateremka mteremko wote mpaka bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani, na njia ni kali. Nikasema nitakwenda mimi, yeye apumzike na mkono wake. Lakini alishaweka kata ya nguo kichwani. Akanipa mtungi mdogo, akachukua mkubwa, akatangulia njiani, na nikawa ninahema nyuma yake huku akiniuliza, bila kugeuka, kama huko Masasi tumesahau kutembea.